Kuchagua DAW: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Programu za Kutengenezea Muziki

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeamua kutengeneza muziki kwa kompyuta lakini amekwama kwenye swali la programu. Ni wa yule pia ambaye programu anayo, ila kila akimwona prodyuza mwingine akitumia kitu tofauti anaanza kujiuliza kama amepotea njia. Majibu yana upendeleo wangu, na pale ulipo nimeusema wazi.

DAW ni nini hasa?

DAW (kifupi cha Digital Audio Workstation) ni programu inayokuwezesha kurekodi sauti, kuandika noti za kinanda, besi na ngoma, kukata na kupanga vipande, kumiksi, kisha kutoa wimbo mzima kama faili moja. Zamani kazi hiyo ilitaka mashine ya tepu, meza ya miksa na kabati zima la vifaa.

Ukifungua yoyote utakuta sehemu nne: ubao wa kupanga wimbo kutoka kushoto kwenda kulia, piano roli ya kuandikia noti, miksa ya kusawazisha sauti, na plagini, yaani ala na efekti zinazoishi ndani ya kompyuta. Ukishazijua sehemu hizo kwenye programu moja, ukikutana na nyingine kazi yako ni kutafuta tu wameziweka wapi.

Na Audacity je?

Audacity ipo tangu mwaka 2000, ni ya bure, na kwa kukata mahojiano, kusafisha rekodi au kurekodi sauti moja juu ya nyingine inafaa sana. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kuandika noti na kuzipigisha kwa ala za ndani ya kompyuta. Ukitaka kujenga biti kuanzia sifuri utahangaika nayo bure. Iache kwenye kompyuta kwa kazi hizo ndogo, na utafute DAW kwa ajili ya muziki.

Ipi ina sauti nzuri kuliko zote?

Hakuna. Najua jibu hili linawaudhi watu, kwa sababu kila mtu ana rafiki anayeapa kwamba programu fulani ina sauti nzito na nyingine ina sauti nyembamba. Jaribio la kumaliza ubishi ni jepesi. Chukua faili zilezile za WAV (faili za sauti zisizobanwa), zipange kwenye DAW mbili zenye kanuni moja ya pani (naieleza hapa chini) na zisizo na efekti yoyote, usiguse kitu, kila treki, yaani kila mstari wa sauti moja, ikae katikati na kwa kiwango kilekile. Toa wimbo kutoka kila upande. Sasa ingiza matokeo hayo mawili kwenye projekti moja, geuza fezi ya faili moja, yaani mawimbi yake yapinduliwe juu chini, kisha yacheze kwa pamoja. Yanafutana. Utasikia kimya, au mabaki yaliyo chini mno kiasi kwamba sikio haliyafikii. Kujumlisha treki ni hesabu tu, na programu zote za leo zinaijua hesabu hiyo.

Kwa nini basi watu husikia tofauti? Sababu zipo, tena za kweli. Ya kwanza ni kanuni ya pani, yaani ya kuiweka sauti kushoto, katikati au kulia. Sauti iliyo katikati hutoka kwenye spika zote mbili, hivyo DAW nyingi huipunguza kidogo ili isizidi zile za pembeni. Moja hupunguza desibeli 3, nyingine 4.5, nyingine haipunguzi kabisa. Ukihamisha miksi ileile bila kulinganisha mpangilio huo, uwiano wa ngoma za katikati na magitaa ya pembeni unabadilika, nawe unadhani ni ubora wa programu. Ya pili ni violezo: baadhi ya violezo vya FL Studio huja na limita (efekti inayozuia sauti isivuke kiwango) kwenye masta, chaneli ya mwisho ya wimbo mzima, kwa hiyo kila kitu kinasikika kimebanwa na kina sauti kubwa zaidi hata kabla hujafanya lolote. Ya tatu ni efekti zinazokuja na programu, ambazo kweli hutofautiana. Lakini efekti unaweza kununua au kupakua nyingine, kwa hiyo hiyo si sababu ya kuchagua nyumba ya kuhamia.

Kama si sauti, nichague kwa kigezo gani?

Jiulize wimbo wako huanzia wapi. Kwenye ngoma? Kwenye lupu, kipande kinachojirudia, uliyoinyofoa mahali? Kwenye gitaa na sauti ya mtu mbele ya maiki? Kila programu ilizaliwa kwa ajili ya kazi moja, kisha ikaongezewa nyingine zote ili isipitwe. Leo zote zinafanya yote, ila ile kazi ya kwanza ndiyo bado iko karibu zaidi na mkono. Ukichagua programu ambayo mwanzo wako uko mbali na mkono, utakuwa unapoteza wazo kila siku ukitafuta menyu.

*Unaanza na ngoma.* FL Studio ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, ikiwa mashine ndogo ya kupanga midundo, na asili hiyo haijafichika. Unapoifungua unakutana na safu za miraba, miraba 16 kwa kila ngoma, nayo ni bari moja, yaani mzunguko mmoja wa mapigo manne. Bonyeza cheza. Huku inazunguka, jaza mraba wa 1, 5, 9 na 13 kwenye safu ya kiki: tayari una mdundo wa kucheza. Jaza wa 5 na wa 13 kwenye sneya. Jaza wa 3, 7, 11 na 15 kwenye hai-hati, na kitu kimeanza kutembea kabla hujajua jina la kitufe chochote. Ukiona kimekaa kiroboti, unazisogeza ngoma kidogo nyuma ya mdundo, au unapunguza nguvu ya baadhi ya mapigo. Piano roli yake nayo inasifiwa hata na watu wasioitumia, na nadhani sifa hiyo ni halali. Kinachowachanganya wanaotoka kwingine ni kwamba chombo, patani (kipande cha noti ulichoandika) na chaneli ya miksa ni vitu vitatu tofauti ambavyo havijafungwa pamoja. Lazima wewe ndiye uelekeze chombo kipi kiende chaneli ipi.

*Unaanza na lupu, au unataka kupiga jukwaani.* Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, na walioibuni walikuwa wanamuziki waliotaka kuipiga kompyuta mbele ya watu kama ala nyingine yoyote. Ina uso wa pili ambao hauna mstari wa wakati: ni jedwali la vyumba, kila chumba kina lupu, unabofya unachotaka kisikike na programu inasubiri bari ifike ndipo ikibadilishe, kwa hiyo hutoki nje ya mdundo. Kwa mtu anayetafuta wimbo kwa kuchanganya vipande mpaka kimoja kikubali, sijaona kinachoipita. Bitwig Studio, iliyotoka mwaka 2014 na kuundwa na watu waliowahi kufanya kazi Ableton, ina jedwali kama hilo, na inampendeza zaidi anayependa kuunganisha nyaya za sauti mwenyewe.

*Unaanza na maiki.* Hapa ndipo Pro Tools, Logic Pro, Cubase, Studio One na Reaper zinapokaa. Mwimbaji anaimba kiitikio mara tano. Programu inahifadhi mara zote tano, moja chini ya nyingine, kwenye treki ileile. Unasikiliza mstari wa kwanza: mara ya pili aliutamka vizuri zaidi. Unaburuta kipanya juu ya kipande hicho na kinapanda juu. Neno la mwisho la mstari ule alilitoa vizuri mara ya nne. Unaburuta tena, neno moja tu, na programu inaweka fedi fupi kwenye viungo ili pasisikike mkato. Dakika chache baadaye una kiitikio kimoja kilichoshonwa kutoka vitano, na mwimbaji mwenyewe hatajua wapi pameungwa. FL Studio na Live nazo zina namna ya kufanya hivyo, lakini fanya kazi hiyo siku nzima kwa sauti nane za kwaya na utaelewa kwa nini wahandisi wa studio hawahami.

*Unaandika kwa noti za karatasi,* kwa kwaya, okestra au picha za filamu: tazama Cubase na Logic kwanza, zote zinaonyesha na kuchapisha noti za muziki. 

Upendeleo wangu: Reaper kwa kurekodi watu, FL Studio kwa kuchezea biti. Mtu mwenye mazoea mengine ataniambia kinyume na atakuwa sahihi kwa upande wake.

Je, kompyuta yangu inanifunga?

Kiasi. Kwa upande wa kompyuta, Logic Pro na GarageBand ni za Mac tu. Mwaka 2002 Apple iliinunua kampuni ya Emagic iliyotengeneza Logic, na toleo la Windows likaishia hapo. FL Studio kwa miaka mingi ilikuwa ya Windows pekee, mpaka mwaka 2018 ilipoingia rasmi kwenye Mac. Live, Cubase, Pro Tools, Studio One, Reason, Bitwig na Reaper zipo kwa Windows na Mac. Mwenye Linux ana Reaper, Bitwig, Ardour, Waveform na LMMS, ambazo zinamtosha; atakachokosa mara nyingi ni plagini, maana watengenezaji wengi huziandikia Windows na Mac tu.

Usinunue kompyuta mpya kwa sababu ya DAW moja kabla hujamaliza hata wimbo mmoja kwenye ile uliyonayo.

Kompyuta yangu ni dhaifu. Kuna programu nyepesi?

Reaper ndiyo jibu la kawaida, na ni la kweli: faili lake la kusakinisha ni megabaiti chache tu, wakati nyingine hukupakulia gigabaiti kadhaa za sauti na lupu. Inafunguka haraka hata kwenye mashine ya zamani.

Lakini mzigo mkubwa hautoki kwenye DAW yenyewe. Unatoka kwenye plagini, hasa rivabu (efekti ya mwangwi) nzito, sintesaiza za kisasa, na maktaba za sampo, yaani rekodi za ala halisi, za okestra zinazojaza RAM. RAM ya gigabaiti 8 inakutosha kwa biti na sauti chache; ukianza kupakia vinanda na mafidla ya sampo, 16 ndiyo utapumua. Diski ya SSD ina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mashine ikianza kukwama katikati ya kazi, gandisha treki. Karibu kila DAW kubwa ina kitufe hicho: treki inageuzwa kuwa faili la sauti kwa muda, plagini zake zinapumzika, na ukitaka kubadilisha noti unaiyeyusha tena. Kama yako haina, toa treki hiyo kama WAV, irudishe kwenye projekti, kisha uzime ile ya awali.

Nikiimba najisikia nimechelewa kwenye hedfoni. DAW yangu ni mbovu?

Hapana. Swali hili limewafanya watu wengi wanunue programu ya pili, ya tatu, na tatizo likawafuata kote.

Kompyuta haishughulikii sauti moja kwa moja. Inakusanya vipande, inavichakata, ndipo inavitoa. Ukubwa wa kipande hicho huitwa bafa, na huhesabiwa kwa sampo, ambazo hapa ni vipimo vidogo vya sauti. Ukiwa unarekodi kwa sampo 44,100 kwa sekunde na bafa ni 1024, kila kipande kinachukua takribani milisekunde 23. Sauti inasubiri hivyo ikiingia na inasubiri tena ikitoka, kwa hiyo jumla inavuka milisekunde 46, na hapo mwimbaji yeyote lazima ayumbe. Shusha bafa hadi 128: kipande kinakuwa milisekunde 3 hivi, na mwili hauhisi tena. Kwa hiyo bafa ndogo wakati wa kurekodi, bafa kubwa wakati wa kumiksi, kwa sababu bafa ndogo inaichosha prosesa na ikizidiwa utasikia mikwaruzo.

Kwenye Windows kuna jambo la pili, nalo ni draiva. Hakikisha DAW imechagua ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg ili sauti isipite njia ndefu ya Windows. Saundi kadi nzuri huja na draiva yake ya ASIO. Sakinisha hiyo kutoka kwa mtengenezaji, usitegemee ile ya jumla. Mac ina Core Audio ndani yake na haihitaji kitu cha ziada.

Na kama saundi kadi yako ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kiwashe na uzime treki isisikike kupitia DAW. Mwimbaji atajisikia papo hapo hata bafa ikiwa kubwa. Hasara yake ni kwamba hatasikia rivabu uliyoiweka ndani ya programu, na wapo waimbaji ambao bila rivabu hawaimbi.

Programu za bure zinatosha, au ni za kujifunzia tu?

Zinatosha kutoa wimbo wa kwenda redioni. GarageBand ni ya bure kwa mwenye Mac, imekuwepo tangu 2004, na projekti yake hufunguka kwenye Logic Pro ukikua. Kwa mtu wa Mac anayeanza sioni sababu ya kuanzia kwingine. Waveform Free haina kikomo cha treki. LMMS inamfaa anayependa mtindo wa FL Studio. BandLab inafanya kazi ndani ya kivinjari na kwenye simu, na watu wawili walio mbali wanaweza kushika projekti moja. Pro Tools Intro ni ya bure pia lakini inakufungia treki 8 za sauti, 8 za ala na 8 za MIDI, yaani za maelekezo ya noti yasiyo na sauti yake. Ni ya kujifunzia mpangilio wake, bendi nzima haiingii humo.

Ardour ina msimbo wazi na ni imara sana kwa kurekodi, ila uso wake unamtaka mtu mvumilivu.

Kujaribu kabla ya kununua kunakuwaje?

Soma masharti kwanza, yanatofautiana kwa namna inayoweza kukuumiza. FL Studio inakuruhusu kutumia karibu kila kitu bila kikomo cha siku, na kuhifadhi unaweza, lakini projekti uliyoihifadhi haitafunguka tena ikakuruhusu kuendelea mpaka ununue leseni. Kwa hiyo ukiijaribu, kabla hujaifunga toa kila treki kama WAV. Reaper inatoa siku 60 ikiwa kamili, na hata baada ya hapo haijifungi, inakukumbusha tu kila unapoifungua kwamba muda umepita. Logic Pro ya Mac ina siku 90.

Usijaribu kwa kutazama video. Chagua wimbo mmoja mfupi ulio kichwani, uanze na kuumaliza ndani ya programu hiyo, kisha urudie wimbo uleule kwenye ya pili. Angalia ni wapi ulisimama kutafuta kitu. Programu iliyokusimamisha mara chache ndiyo yako, hata kama uso wake hauvutii.

Ninunue toleo dogo au nisubiri nipate kubwa?

Anza na dogo, lakini jua kilichokatwa. Mtego maarufu ni toleo la FL Studio liitwalo Fruity: halina kurekodi sauti wala kupanga faili za sauti kwenye ubao wa wimbo. Mtu wa biti tupu hatajali, ila mtu mwenye maiki akilinunua ataona ametupa pesa. Toleo linalomfaa huyo ni Producer. Live Intro inakuwekea kikomo cha treki 16, ambazo kwa biti rahisi zinatosha na kwa wimbo wenye sauti za nyuma nyingi zinaisha mapema. Reaper haina matoleo, ni programu ileile kwa wote, na leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni ya bei ya chini kuliko ya kampuni.

Angalia pia namna ya malipo. FL Studio ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya bure kwa maisha. Nyingine hukutoza kila toleo kubwa linapotoka, na nyingine huuzwa zaidi kwa malipo ya mwezi au mwaka. Kwenye hizo za mwisho, uliza mapema: nisipolipa mwezi mmoja, projekti zangu nitazifungua?

Nikitumia programu iliyovunjwa ulinzi wa leseni kuna ubaya gani? Kila mtu anafanya hivyo.

Mbali na kwamba ni wizi, inakuvuruga kazi. Mafaili hayo ni njia inayopendwa ya kupenyeza virusi, mara nyingi maelekezo yake yenyewe yanakutaka uzime kinga ya kompyuta kwanza. Haipokei marekebisho, na inaweza kuzima mbele ya mteja aliyelipia muda wako. Siku hizi zipo za bure zilizo imara. Hoja ya kwamba hakuna njia nyingine imekwisha.

Simu inatosha kuanza?

Inatosha kutunga. GarageBand ya iPhone, FL Studio Mobile, BandLab na Cubasis zote zinakupa ngoma, vinanda na kurekodi sauti. Tatizo linaanza unapotaka kuhariri kwa undani: kidole ni kinene kuliko noti. Kwenye Android kuna pia kero ya sauti kuchelewa, ambayo hutofautiana sana kati ya simu na simu. Tumia hedfoni za waya. Za Bluetooth huongeza ucheleweshaji wake juu ya ule uliopo, na hilo halirekebishiki ndani ya programu.

Plagini nilizonazo zitafanya kazi kwenye DAW yoyote?

Inategemea muundo. VST, iliyoletwa na Steinberg mwaka 1996 pamoja na Cubase, ndiyo inayokubalika na wengi. Logic na GarageBand zinataka AU pekee. Pro Tools inataka AAX pekee. CLAP ni mpya, ilitoka 2022, na Bitwig na Reaper ziliipokea mapema. Plagini nyingi za kulipia husakinisha miundo yote mara moja, kwa hiyo leseni yako haipotei ukihama. Zile zilizokuja ndani ya DAW yenyewe ndizo zinazobaki nyuma.

Nasikia studio kubwa zote zinatumia Pro Tools. Lazima niijue?

Ukitaka kuajiriwa kama mhandisi wa kurekodi, au kufanya kazi ya sauti za filamu, ndiyo. Ijifunze mpaka vitufe vya mkato viwe mikononi, kwa sababu mteja analipa kwa saa. Pro Tools iko sokoni tangu 1991 na studio nyingi zimejengwa kuizunguka.

Ukitengenezea nyumbani, hapana. Studio itakayokumiksia wimbo haihitaji projekti yako, inahitaji faili zako.

Mwenzangu anatumia DAW nyingine. Tutashirikianaje?

Kwa stemu, yaani treki zilizotolewa kama faili za sauti, na MIDI. Projekti ya FL Studio haifunguki kwenye Logic, wala ya Logic kwenye Cubase. Upo muundo wa pamoja uitwao DAWproject, uliotolewa 2023 na Bitwig pamoja na PreSonus, lakini usiutegemee mpaka uhakikishe programu zenu zote mbili zinausoma.

Njia isiyomwangusha mtu ni hii. Toa kila treki kama WAV ya biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa sauti, si mdundo), na zote zianze bari ya kwanza hata kama gitaa linaingia dakika ya pili. Mwenzako akiziburuta zote kwenye mwanzo wa wimbo, kila kitu kinakaa mahali pake chenyewe. Kubalianeni sampo kwa sekunde, 44,100 au 48,000, kabla hamjaanza. Andika tempo na ufunguo wa wimbo kwenye jina la folda. Toa sauti ya mwimbaji mara mbili, moja kavu na moja yenye efekti, maana anayemiksi atataka kusikia ulichokusudia bila kufungwa nacho. Ondoa limita ya masta. Na treki ziwe na majina: folda yenye "Audio 14" na "Audio 14 mpya mpya" inamfanya mtu aanze kazi akiwa amekasirika.

Kuhusu ukubwa, treki moja ya mono ya biti 24 kwa 48,000 inakula megabaiti 8.6 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 20 ni karibu megabaiti 700. Usiigeuze kuwa MP3 ili uitume upesi; tuma MP3 ya wimbo mzima kwa kusikiliza, na WAV zifuate kwa utulivu.

Nihame lini kutoka kwenye DAW niliyonayo?

Kuna kitu unachokihitaji kila wiki na programu yako haina, au inacho kwa njia ya kuzunguka sana? Hama. Umeona msanii unayempenda anatumia nyingine? Usihame. Umekwama, nyimbo haziishi? Usihame pia, utapata wiki mbili za msisimko wa kujifunza vitufe vipya, kisha utazikuta nyimbo zako haziishi huko nako.

Kutumia mbili si dhambi. Wengi hujenga biti kwenye moja na kurekodi sauti kwenye nyingine, na kama mgawanyo huo umekukalia vizuri sioni kwa nini mtu akulazimishe kubaki na moja.

Nikihama, projekti zangu za zamani zinakuwaje?

Zitabaki hai kadiri ile programu inavyobaki hai kwenye kompyuta yako, na programu hufa. Mwaka 2017 kampuni ya Gibson ilisimamisha uundaji wa Cakewalk, na waliokuwa wameitumia kwa miaka mingi wakabaki wameduwaa mpaka BandLab ilipoichukua mwaka 2018. Wale wa Logic kwenye Windows hawakupata mwokozi.

Kwa hiyo kila wimbo uliomaliza ufungie folda moja: projekti yenyewe, WAV za kila treki kuanzia bari ya kwanza, faili la MIDI la noti zote, miksi ya mwisho, na karatasi fupi ya maandishi yenye tempo, ufunguo na majina ya plagini zilizotumika. Weka nakala mbili, moja nje ya kompyuta. Kabla hujafuta programu ya zamani, ingiza WAV hizo kwenye DAW mpya na uzisikilize mpaka mwisho huku miksi ya awali ikiwa pembeni ya kulinganisha. Kinachokosekana mara nyingi ni rivabu na dilei zilizokuwa kwenye chaneli ya peke yake, ambazo hazikutoka pamoja na treki. Rudi uzitoe nazo kama faili zake.